Bati Ndani ya Shingo ya Baiskeli

Nyinyi vijana wa sasa mkitaka baiskeli ya zamani ipendeze, mnakwenda dukani, mnanunua kopo la rangi ya kupuliza, mnaisimamisha baiskeli ukutani, fyuu, fyuu, imekwisha. Rangi imeingia kwenye spoku, imeingia kwenye cheni, imeifunika kengele mpaka imekuwa bubu. Halafu mnaipiga picha mnawarushia wenzenu. Nawaona! Mmoja alinipitia hapa Madungu, mjini Chake, juzi, baiskeli inang'ara, breki hazishiki, kwa sababu amezipaka rangi hata raba za breki. Nikamwambia, mwanangu, hiyo si baiskeli, hilo ni jeneza limetiwa hina. Akacheka. Mimi sikucheka, na nitawaambieni kwa nini.

Nimefanya kazi ya baiskeli tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe. Kibanda nilishakifunga, magoti yamegoma, na sasa nikifanya kazi naifanyia uani kwangu, tena kwa nimtakaye. Watu wanadhani mstaafu hana neno. Hana neno! Kazi iliyonitoa jasho kuliko zote imenikuta nimeshastaafu, mvua za vuli zilipokuwa zinamalizika, na baiskeli yenyewe ililetwa na mkwe wangu Kombo, mume wa binti yangu.

Kombo ni mchuuzi wa samaki. Huwapokea bandarini asubuhi akawazungusha vijijini kwa pikipiki. Pikipiki ikafa injini, na samaki hawamngoji mtu, basi akakumbuka baiskeli ya marehemu baba yake iliyotundikwa miaka na miaka kwenye paa la jiko kule Pujini, kwa mama yake, Bi Time. Akaishusha, akaniletea kwa kuiburura. Chuma cha zamani, wanangu. Breki za fimbo, keria ya kubeba gunia zima la karafuu, fremu nzito ukiigonga inaitika. Imejaa masizi na kutu, na gurudumu la mbele limepinda.

"Mkwe," akaniambia, "ninyooshee hilo gurudumu, uipige rangi ya kijani kama alivyokuwa nayo baba, keshokutwa niipande."

Nikaitazama ile baiskeli, nikaitambua. Hakuna mtu Pujini wala Chake asiyejua habari yake.

Baba yake Kombo, Mzee Omar, alikufa juu yake. Kombo wakati ule alikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, ndiyo kwanza anaijua alifu na bee. Asubuhi ya siku hiyo Mzee Omar aligombana na jirani yake wa shamba, Mzee Shaame, kwa ajili ya mikarafuu ya mpakani. Wakatukanana mbele za watu, na Shaame, mtu wa hasira yule, akamnyooshea kidole: "Leo utaona!" Jioni ile ile Mzee Omar akawa anateremka mlima wa kuingilia kijijini. Njia ikapinda, yeye hakupinda. Walioona waliapa kwa Mungu kwamba alikwenda moja kwa moja, mikono kaing'ang'aniza kwenye usukani, mpaka ndani ya mtaro wa mawe. "Alikwenda kama aliyeitwa," walisema. Alifika hospitali keshakata roho.

Basi. Mtu kasema utaona, na mwenzake kaona. Kuanzia siku hiyo Shaame akawa mwanga, mchawi aliyemuita mtu mtaroni. Hakuna aliyemshitaki wala aliyempiga, sisi hatufanyi hivyo. Sisi tunamwacha mtu. Akija kwenye khitma, sinia atakalokaa yeye wenzake wote wanashiba ghafla. Watoto wanakatazwa kuokota embe zake. Akisalimia anaitikiwa, lakini anaitikiwa na watu wanaotembea. Mkewe alipokufa, jeneza lilibebwa na wachache mpaka ikawa aibu. Akazeekea peke yake katika nyumba ile ile, hatua chache tu kutoka kwa Bi Time, na Kombo akakua akimpita kila siku bila ya kumtazama usoni.

Hiyo ndiyo baiskeli niliyoletewa.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa kufungua. Mimi nikitaka kupaka baiskeli rangi naifungua yote, mpaka inakuwa mifupa. Kombo yeye alikuja na magazeti na gundi ya karatasi, tufunike pasipotakiwa rangi, tupulize, twende zetu. Sasa nyinyi mnajua, mtu na mkwewe hawapandishiani sauti. Heshima! Ikabidi tugombane kupitia kwa mke wangu, Bi Asha, aliyekuwa amekaa pale pale anachambua mchele.

"Mwambie mkweo," nikasema, "mimi sipaki rangi kitu nisichokijua ndani."

"Mama, mwambie baba kwamba ajizi ni nyumba ya njaa, na wanangu wanakula."

"Mwambie wanakula kwa sababu baba yao yu hai."

"Mnaambiana wenyewe, mnasikiana wenyewe," akasema Bi Asha, "niacheni na mchele wangu."

Nilishinda kwa sababu spana zilikuwa zangu.

Kufungua nilifundishwa na Fundi Makame, Mungu amrehemu, mtu mwenye kofi jepesi. Nilipokuwa mwanafunzi wake niliwahi kupaka uma wa mbele bila ya kutoa gololi, nikajiona hodari. Akaufungua, akazimimina gololi zote kwenye mchanga mbele ya kibanda, akaniambia, "Haya zitafute, uzijue sura." Nikakaa pale nachakura kama kuku na watu wakipita wananiuliza nimepoteza nini. Wakati ule nilimchukia, tena sana. Siku hizi gololi zinakuja zimefungwa pamoja kwenye pete yake, hazimwagiki, na mafundi hamjui kuzichakura.

Na kwa kuwa wengine mmekuja kutaka habari ya rangi tu, chukueni ya rangi tuimalize. Rangi ya zamani iondoeni kwa msasa mkali, kisha mlainishe kwa msasa mwembamba. Kutu ya madigadi isugueni kwa ndimu na majivu. Osheni fremu kwa sabuni, ikausheni kabisa, ifuteni kwa kitambaa chenye petroli, na baada ya hapo msiiguse kwa mkono mtupu, maana jasho la kidole halishikani na rangi, itabanduka hapo hapo ulipogusa. Hapa kwetu msipake asubuhi, hewa ina maji. Msipake jirani anapokung'uta majamvi ya karafuu. Mimi fremu naitundika kwa waya ndani ya chandarua, vumbi na wadudu wanabaki nje. Bi Asha alipokuta chandarua chake kimehamia uani alinipigia kelele mtaa mzima ukasikia: "Chuma kinalala chandaruani, mimi mkewe naliwa na mbu!" Na pakeni nyembamba, ikauke, tena nyembamba. Kupuliza mimi siwakatazi, brashi haina dini. Lakini nyembamba.

Turudi kwa Kombo. Kila kitu kilifunguka isipokuwa usukani. Usukani wa baiskeli hizi una mguu wa chuma unaoshuka ndani ya shingo ya fremu, unaingia ndani ya bomba la uma ulioshika gurudumu la mbele. Kuna bolti moja ndefu, ukiikaza inavuta kabari kule chini, kabari inaubana mguu na bomba, usukani na gurudumu vinakuwa kitu kimoja. Bolti ile ilikuwa imeshikana. Tukaimiminia mafuta ya taa, tukaiacha ilewe mpaka kesho yake. Nikagonga kwa kipande cha mti, Kombo akavuta, hola. Akavuta tena huku anahema, uso umemuiva.

"Si tuiache tu? Usukani upo, unafaa!"

"Vuta."

Ukatoka ghafla, Kombo nusura aende chali. Na kwenye mguu wa usukani palikuwa pameviringwa bati. Kipande cha bati cheusi kwa grisi ya zamani, kimeviringishwa kama msokoto wa tumbaku. Kombo hakukijali. Adhana ya alasiri ilikuwa inalia, akanawa mikono akaenda msikitini.

Mimi nilibaki nalitazama lile bati. Fundi anajua maana yake. Hakuna baiskeli iliyotoka kiwandani na bati pale. Anayetia bati pale ni mtu ambaye usukani wake unacheza. Nikaushusha uma, nikalifuta bomba lake kwa kitambaa, nikaliinua kwenye mwanga. Ufa. Ufa mrefu ubavuni mwa bomba, kutoka juu karibu mpaka katikati. Bomba lililopasuka halibani kitu, hata ukaze bolti mpaka ulie.

Nikalirudisha gurudumu kwenye uma, na mguu wa usukani na bati lake vile vile kama ulivyokuwa. Nikakaza mpaka mwisho. Nikalibana gurudumu kati ya magoti yangu mabovu, nikaupinda usukani. Usukani ukapinda. Gurudumu halikutikisika.

Wanangu! Kumbe Mzee Omar alipinda! Alipofika konani alipinda kama mtu yeyote mwenye akili zake, na gurudumu likaendelea na safari yake. Usukani walioukuta umegeuka walisema umegeuka kwa kuanguka. Hakuna fundi aliyeitwa aitazame. Nani angemwita fundi, na sababu ilishajulikana kijiji kizima?

Nikakaa chini. Nilikuwa na uma mzima stoo, wa baiskeli kama ile. Ningeuweka ule, bati nikalitupa shimoni, nikapaka rangi ya kijani, Kombo akapanda salama, na marehemu akabaki na heshima yake. Tumefundishwa tuwataje maiti wetu kwa wema. Mimi ni nani wa kwenda kumwambia mkwe wangu kwamba baba yake alikuwa anaendesha kifo huku kakitia bati? Nikamwambia Bi Asha vile nilivyoona, nikamwambia na nia yangu ya kunyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na yule Mzee Shaame?" akauliza.

Akarudi jikoni. Nikalichomoa bati, nikamngoja Kombo.

Kombo aliporudi nikamkalisha, nikamuonesha ufa na bati, nikampa usukani aupinde mwenyewe. Akaupinda mara moja, akaupinda tena. Nikamwambia, polepole, kwamba baba yake hakuitwa na mtu. Nilidhani atalia. Hakulia. Alisimama, na heshima ya mkwe na mkwewe ikamtoka pale pale.

"Unataka kusema baba yangu kajiua?"

"Sikusema hivyo."

"Basi nani kaweka bati?" Macho yalikuwa yamemgeuka. "Baba yangu alikuwa na akili. Hawezi kupanda baiskeli anajua imepasuka. Kuna mtu kalitia bati hili, na kulitia hakutaki uganga, kunataka spana tu! Wallahi siku zote nikidhani Shaame alimuua kwa maneno, kumbe alimuua kwa mkono!"

Lahaula. Mimi nilitaka kumvua mtu tuhuma, na nimemvisha kubwa kuliko ya kwanza. Uchawi mtu anaogopa, anakaa mbali. Lakini mkono wa mtu analipa kwa mkono. Kombo akaunyakua ule uma pamoja na gurudumu na usukani wake, akautia begani, akairukia baiskeli yangu mimi niliyoiegemeza mlangoni, huyo.

"Kombo! Kombo, mwanangu!"

Magoti yangu, jamani. Nilitoka nje, nikangoja sana ndipo nikapata bodaboda, nikamwambia kijana, Pujini, kimbiza, na huku nampigia simu Bi Time. Simu inaita, haipokewi. Inaita, haipokewi. Nilikuwa na lile bati mfukoni, sijui hata nililitia saa ngapi, na yule kijana wa bodaboda ananiuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado, kimbiza. Bi Time akapokea tulipokuwa nusu ya njia.

"Bi Time, Kombo anakuja, ana chuma, anakwenda kwa Shaame. Usimpishe."

Hakuuliza kwa nini. Simu ikakatika.

Tulipofika niliwakuta wamesimama katikati ya njia. Bi Time katandaza mikono, kanga imeanguka mabegani, mwanamke mdogo vile mbele ya mwanawe mwenye chuma begani, na Kombo anahema na kusema, "Nipishe, mama. Nipishe." Nyumba ya Shaame inaonekana pale nyuma yao, mlango wazi.

"Utanipitia juu," anasema Bi Time. "Pita juu yangu kwanza."

Nikashuka, nikamueleza yule mama mambo yote pale pale njiani, kwa kifupi. Ufa. Bati. Usukani unaopinda na gurudumu lisilopinda. Na anachokidai Kombo, kwamba Shaame ndiye kaliweka.

"Lete bati," akasema.

Nikamkunjulia. Kwa nje lilikuwa jeusi, lakini kwa ndani grisi ilikuwa imelihifadhi, na alipolisugua kwa ncha ya kanga ikatokea rangi ya njano, na juu ya njano kichwa cha ng'ombe kimekatwa nusu. Bi Time akakaza macho.

"Hili kopo langu," akasema. "Kopo langu la maziwa ya unga nililokuwa nikitilia chumvi. Kombo, baba yako alilikata mlangoni petu, kwa mkasi wangu wa kushonea, ukawa butu nikamgombeza. Nikamuuliza unakatia nini, akaniambia usukani unacheza, naufunga kwa bati mpaka karafuu zishe, kisha niende kwa fundi. Karafuu zilikuwa nyingi mwaka ule. Hakutaka kupoteza siku."

"Mbona hukusema?" akauliza Kombo. "Mama, mbona hukusema miaka yote hii?"

"Niliulizwa na nani?" Bi Time akaja juu. "Watu walikuja na jibu lao mlangoni kabla maiti hajaoshwa! Waliniambia mumeo kaitwa, nami nikalia kwa kuwa kaitwa. Nani alinitajia usukani? Mimi najua wapi mambo ya usukani?" Kisha akakaa njiani, mavumbini, na bati lake mapajani, akaanza kulia upya msiba wa zamani.

Kombo alisimama na kile chuma mpaka bega likainama. Nilidhani atakitupa, arudi nyumbani, na asingekosa haki. Ni kazi kubwa kumzika baba mara ya pili, tena kwa kosa lake mwenyewe. Lakini Kombo akageuka akaelekea kule kule alikokuwa anakwenda, na chuma chake begani, na mimi sikujua anakwenda kufanya nini. Nikamfuata. Sikuona haya kuogopa, nilikuwa namuogopa mume wa mwanangu.

Mzee Shaame alikuwa amekaa kizingitini anamenya muhogo. Amekuwa mdogo, shati linampwaya. Akamuona Kombo anakuja na chuma, akakiweka kisu chini, akakisukuma mbali kwa mguu. Hakuinuka wala hakupiga kelele.

"Umekuja," akasema. "Nilijua ipo siku utakuja. Haya, baba. Mie niko tayari."

Kombo akakitua chuma mbele yake. Akaligandamiza gurudumu kati ya magoti yake kama nilivyofanya mimi, akaupinda usukani, mzee akaona. Akaupinda tena, na machozi sasa yanamtiririka.

"Ami Shaame," akasema. "Chuma kilikuwa kimepasuka. Baba alitia bati, bati likateleza. Hukumuita wewe. Si wewe."

Yule mzee akanitazama mimi, akamtazama Kombo.

"Mie nilimwambia utaona."

"Ulimwambia. Lakini si wewe."

"Sikuwa na dawa, baba. Sikuwa na hirizi wala kitu. Nilikuwa na ulimi tu." Akaushika ukingo wa mlango. "Nikamwambia ntu utaona, na jua halijachwa akafa. Mie mwenyewe nikajua ni mie. Watu waliponiacha nikaona wana haki. Kila nikisali namuomba Mungu anifutie damu ya Omar, na kila nikimaliza naona haijafutika."

Kombo akapiga magoti, akauchukua mkono wa mzee wenye unga wa muhogo, akaubusu. "Nisamehe, ami. Tusamehe sote."

Sidhani kama alimsikia. Alikuwa amekitazama kile chuma, kisha akauvuta mkono wake, akamshika Kombo kichwa kwa mikono yote miwili na kumwinua uso amwone vizuri.

"Hebu niambie tena," akasema.

Kombo akamwambia tena.